Hajati Nusifa Namwase, Aliyetufundisha Kumuuliza Mtoto Mara Moja

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Hajati Nusifa Namwase, mwanasaikolojia na mkuu wa mafunzo katika kituo chetu cha ulinzi wa watoto, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi kati ya Mbale na Jinja. Polisi, wauguzi, walimu na maafisa wa ustawi wa jamii aliowafundisha wametapakaa mashariki yote ya Uganda, na wengine wako Kenya, alikotoka mwandishi wa wasifu huu. Mwenyewe ameomba sherehe iwe fupi na isiwe na kipaza sauti. Ufupi tutajaribu. Kipaza sauti kimetushinda.

Alizaliwa Jinja, binti wa muuza vitambaa, na Kiswahili alikiokota dukani kwa baba yake, kwa madereva wa malori ya Kenya. Alipomaliza chuo kikuu alipelekwa hospitali moja ya Mbale, ambako hakuna aliyejua mwanasaikolojia anakaa wapi. Wakampa stoo ya magodoro. Watoto waliipenda stoo ile kuliko wodi zote, na madaktari wakawa wanalalamika kwamba wagonjwa wao wako juu ya magodoro wanaruka.

Mwaka wake wa pili hapo, msichana wa miaka tisa kutoka Busiu alimwambia mwalimu wake mambo aliyokuwa akifanyiwa na baba wa kambo. Tutamwita Namono, ingawa silo jina lake. Mwalimu alimpeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akamuuliza upya. Kisha akaulizwa kaunta ya polisi, watu wamejipanga nyuma yake. Kisha muuguzi, kisha afisa wa ustawi wa jamii, kisha polisi mwingine kwa sababu yule wa kwanza alikuwa amehamishwa. Ni huyo wa mwisho ambaye Namono alimwambia kwamba yeye mwenyewe alikuwa amedanganya. Baba wa kambo akaachiliwa, na mtoto akarudishwa nyumbani.

Haukupita muda akaletwa wodini, amepigwa vibaya. Hajati aliketi kando ya kitanda chake, akampa uji kwa kijiko, asimuulize kitu. Kesho yake mtoto akaanza mwenyewe.

“Walikuwa wananiuliza tena na tena,” alisema. “Shuleni mwalimu akikuuliza tena, ujue jibu lako si sawa. Basi nikabadilisha.”

Namono hakutoka hospitalini akiwa hai. Hajati alikwenda kumzika Busiu, na pale mama wa marehemu akamshika mkono. “Musawo,” alimwambia, kama wanavyoitwa huku watu wote wa hospitali, “wale wote walimuuliza. Nani alimsikia?”

Hajati aliporudi Mbale aliomba kuondolewa wodini. Wakubwa wake walimwambia anatupa taaluma yake. Yeye alikuwa ameshaona kwamba mtoto anaharibiwa mara ya pili na watu wenye nia njema, na hao ndio aliotaka kukaa nao darasani.

Darasa lake la kwanza lilikuwa na wauguzi na walimu tu. Polisi hawakuja. Walipoanza kuja, alikuwa amehamia kituo chetu hapa Jinja, upande wa Kimaka, na miongoni mwao alikuwemo Afande Isiko, wakati huo sajini.

“Mimi nashika wezi, daktari,” alitangaza asubuhi ya kwanza. “Mambo ya watoto ni ya wamama.”

Hajati hakubishana. Alimwomba asimame awaeleze wenzake, bila kuruka kitu, mara ya mwisho alipokuwa chumbani na mkewe walifanya nini, nani alianza, nguo ziliwekwa wapi. Darasa likaangua kicheko. Isiko akainamia sakafu, na kicheko kikaisha chenyewe.

“Umeshindwa, Afande?”

“Siwezi sema hiyo, Hajati. Hapa iko watu.”

“Na mtoto wa miaka tisa unamtaka aiseme kaunta.”

Isiko akakaa. Aliporudi kituoni kwake aliondoa pikipiki zilizokamatwa katika chumba cha nyuma, akatandika mkeka, akaweka pazia mlangoni.

Katika chumba hicho aliingia baadaye msichana wa Budondo. Isiko alivua kofia na koti la sare, akazungumza naye Kisoga, lugha ya nyumbani kwao. Hilo pia alifundishwa. “Kiswahili changu ni cha dukani,” Hajati alikuwa akiwaambia askari. “Chenu wazee wanakikumbuka kikifokwa na askari kwenye vizuizi vya jeshi, na watoto wamerithi woga huo.” Msichana aliulizwa mara moja, akasikilizwa hadi mwisho, na maneno yake yakasimama mahakamani. Mjomba wake akafungwa.

Siku hiyo tulipiga makofi ofisini. Hajati akauliza mtoto analala wapi. Hapakuwa na aliyejua. Ukoo ulikuwa umemfukuza kwa kumfungisha mtu wao, naye alikuwa ameketi nje ya mahakama na mfuko wa nguo. Hajati alizunguka hadi akapata shangazi aliyekubali kumpokea. Msichana yule sasa ni mtu mzima. Anafanya kazi, anacheka, lakini hawezi kukaa katika chumba kilichofungwa mlango. Hajati hajawahi kuturuhusu kuisimulia kesi ile kama ushindi.

Tungependa kuandika kwamba watoto wamepungua. Hawajapungua. Wapo tuliowafundisha wakarudi kuuliza kaunta kama zamani, na wapo walioshindwa kubeba waliyoyasikia. Muuguzi Gorreti alipokuja kuaga kwamba anaacha kazi, tulidhani Hajati atamshawishi abaki. Alimpikia chai, wakakaa barazani mpaka jua likazama, kisha akamwambia, “Nenda, mwanangu. Umefanya sehemu yako.” Baada ya hapo akaanzisha kikao cha kila Ijumaa, ambapo wafanyakazi huyatua waliyoyabeba wiki nzima. Wengi wetu tusingekuwa hapa leo bila kikao hicho.

Juwairiya, bintiye, ametueleza jambo ambalo hatukulijua. Miaka yote hii mama yake amelala na simu ya kazi chini ya mto, kwa sababu mtu aliyeketi na mtoto huko Mbale au Budondo, asiyejua la kufanya, huwa anampigia yeye. Kila mara alipokea. Kila mara alinong'ona, asiwaamshe wa nyumbani.

Hajati, asante kwa kutufundisha kunyamaza. Asante kwa watoto waliosikilizwa, na kwa kukataa kuwasahau ambao hawakusikilizwa. Simu hiyo sasa iko kwetu, na itapokelewa. Mungu akupe afya, wajukuu wenye kelele, na usingizi usiokatizwa na mtu.

Beldina Makokha, kwa niaba ya wenzake wote wa Jinja na Mbale