Bi Kadi na Nywila ya Mwaka wa Kombe

Mimi mfua jezi ndiye niliyemfundisha kazi Bi Kadi. Haya, huo ni uongo. Nilimwonyesha choo kilipo tu. Mengine alijifunza mwenyewe kwa miaka ishirini na tisa, na tarehe 30 Juni anastaafu.

Alianza katika chumba kilicho ubavuni mwa stoo ya mipira, akiandika kadi za mashabiki kwa mkono, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Jina likamganda. Kadi zilipohamia mtandaoni tulidhani kazi imemwishia. Akajifunza kompyuta kwa miwani ya kuazima, akawa msimamizi wa jukwaa la mashabiki, watu elfu kumi na moja wanaotaniana bila breki. Kuna kocha aliyefungiwa naye wiki nzima kwa kujisifia humo kwa jina bandia.

Mwaka juzi wezi waliingia jukwaani wakazoa majina, namba za simu na nywila. Mwenyekiti wa klabu alitaka jambo libaki ofisini mpaka mechi ya Jumamosi ipite. Bi Kadi akamjibu taratibu, "Mwenyekiti, wezi hawana ratiba yetu." Kufika saa nne asubuhi kila shabiki alishapata ujumbe: badilisha nywila, hapa na popote pengine ulipoitumia.

Wezi walipoianika mtandaoni orodha ya nywila walizoiba, aibu ikawa yetu. Karibu nusu ya mashabiki tulitumia nywila moja: jina la klabu na mwaka tuliotwaa kombe. Na tumelitwaa mara moja tu.

Wazee wasiosoma ujumbe aliwapigia simu mmoja mmoja, siku tatu, hadi sauti ikamkauka. Mimi niligoma kubadilisha, kombe letu silifuti. Akaniuliza barua pepe yangu, yenye picha za marehemu mke wangu, inafunguliwa kwa nywila gani. Ilikuwa ile ile ya kombe.

"Basi, shemeji," akasema, "tuwahi kabla yao."

Tukawahi. Picha zipo zote.

Bi Kadi, klabu nzima inakushukuru. Nenda na afya yako, uamke saa unayotaka, na mashabiki wakusumbue kwa salamu tu.

Ila siku ile nilibandika matangazo yako ya kubadilisha nywila kwenye milango yote ya uwanja, goti likiniuma, nawe ukaahidi kuniwekea hatua ya pili, ile namba inayoletwa kwenye simu kabla barua pepe haijafunguka. Bado sijaiona. Kesho mchana nitakuwa kwenye kamba za kuanikia. Simu nitakuja nayo, imejaa chaji.