Mke wa Mpishi

Sogeeni, wanangu, na wewe mkubwa zima hiyo simu, maana kifua kinakoroma kama jenereta bovu na maneno haya sitayarudia. Mnajua baba yenu shule aliiacha njiani, lakini mimi ni fundi kufuli, na kufuli ya kunishinda mji huu haijatengenezwa, na riwaya nimesoma moja tu, nikawashinda waliosoma mia. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na mitano. Wenzangu walimshangilia shujaa alivyopigana hadi akarudishiwa nyumba ya babake. Mimi nilikwama pale mpishi wa nyumba ile alipokufa, mwandishi akasema, "Mkewe akaambiwa aondoke siku ileile," basi, hao wakaingia kwenye harusi ya shujaa. Akaenda wapi? Nikasoma mpaka jalada la nyuma, hayumo. Nikamuuliza mwalimu, akacheka: "Wee mtoto, huyo si mtu, ni sentensi!" Sentensi gani inabeba godoro kichwani? Tangu hapo, kila nikisikia watu wanashangilia, hujiuliza: nani katolewa mlangoni ili hawa wafurahi?

Ndiyo maana Mama Pasi yuko chumba cha uani. Mama yenu alipofariki, huyu mpiga pasi wa mtaani, asiye damu yetu, aliwaogesha, akawalisha, akawachapa palipostahili. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nyumba ni yenu wote watatu, vifaa vyangu ni vya kitindamimba, na yule jirani fundi saa aliyenisingizia wizi mwambieni nimemsamehe, ingawa mwongo ni mwongo tu. Ila jana, wewe mkubwa, ulidhani nimelala. Nilikusikia ukimwambia dalali, "Cha uani kitakuwa wazi, yule bibi si ndugu." Mwanangu! Damu nzito kuliko maji, sawa, lakini ulipokuwa na homa, maji alikunywesha nani?

Chumba kile ni chake mpaka azikwe. Nimemwekea kitasa ambacho hata mimi kingenitoa jasho, lakini kitasa hakimzuii mtoto asiye na haya, mlango huvunjwa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si kifo.

Nipeni maji kidogo... Mungu awape riziki isiyomliza mtu, na watoto wenu wawatunze kuliko... Nimechoka. Wewe mkubwa, nenda uani ukamwambie mwenyewe, kwa kinywa chako, kwamba haondoki. Usimtume mdogo wako. Dirisha liacheni wazi, nisikie.

Mbona bado umekaa? Nenda, baba. Nenda.