Kulinda Garanti kwa Kulala Ndani

Kijiwe cha kahawa cha mama Joyeuse ni ubao mmoja juu ya matofali, hapa Butembo, na wanaokalia ubao huo wana dawa ya kila shida isipokuwa zao wenyewe. Asubuhi hiyo mgonjwa wao alikuwa mzee Stanislas. Alitaka kuhamia Beni, karibu na binti yake Victoire, lakini chumba alichopata huko kilidai garanti, kodi ya miezi inayowekwa mbele kama amana, na garanti aliyoacha Butembo siku ya kuingia, mwenye nyumba, bailleur wake, alikwisha kuitumia kujenga choo. Tangu amzike mkewe Kyakimwa, Stanislas alikuwa na hamu moja tu, kuondoka katika nyumba ile.

— Siku ya kuingia mulizunguka na bailleur, muangalie kila ukuta, muandike? aliuliza Avoka, ambaye aliwahi kuitwa mahakamani kama shahidi, na jina hilo la wakili likamganda.

— Tuliomba tu, na katekista. Kisha tukapeana mikono.

— Ayi, papa! Maombi haina signature!

— Ngoa mulango, akasema Jenerali, mlinzi wa shule aliyestaafu. Unaenda nayo Beni. Mugeni siku mbili, siku ya tatu anabeba mulango!

— Na ku barrière, basoda bakiuliza, atasema nini? Iko mugonjwa, anaipeleka hospitali? akauliza Avoka.

— Basi tulete chorale, akasema Jenerali. Ngoma, guitare, kila mangaribi mu salon. Bailleur mwenyewe atakuja kulia na garanti mu mukono.

— Tuongeze mbuzi za kule Luofu, zilie usiku muzima! akadakia mwingine.

Stanislas alicheka, kwa kuwa wote walikuwa wanamtazama wakingoja acheke.

— Mais tuache muchezo, akasema Avoka. Garanti habaidaiake, banaikulaka. Iko ya miezi tatu? Donc miezi tatu usilipe kitu. Ikala tu mu nyumba mupaka iishe. Ile loyer ya kila mwezi ungelipa, unaiweka, njo garanti yako ya Beni. Haba na haba hujaza kibaba!

Wakagonga ubao kwa furaha. Kwa mara ya kwanza kijiwe kilikuwa kimesema jambo la maana, na Stanislas alilijua. Lakini chumba alicholala na Kyakimwa alikuwa hajakifungua tangu matanga. Alikuwa analala jikoni, karibu na makaa, na aibu ya jambo hilo alikuwa hajamwambia mtu.

Nadège, mama aliyekimbia vita kutoka Kanyabayonga, alikuwa amesimama pembeni. Alikuja kuulizia kama nyumba hiyo itakuwa wazi.

— Pole, papa, akasema. Ile miezi yote tatu, utaikala na nani mule?

Jenerali akakumbuka ana mtu wa kumwona. Avoka naye akalipia kahawa ya wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaondoka bila kuaga.

Stanislas alibaki amekumbatia kikombe kilichopoa.

— Mama Joyeuse, akauliza taratibu, hapa unafungaka saa ngapi?