Nilimwambia Ndege Akae

Assalaam aleikum, wanangu. Mimi si msemaji, mnanijua. Leo nimesimama mwenyewe, sikuitwa.

Mzee alipofariki nilikaa eda, nikaimaliza. Watoto wakarudi Dar. Nami nikashuka bondeni kuamia mpunga, nikapanda dunguni, kile kibanda chetu cha juu ya miti, na kamba yangu ya makopo ya kufukuzia ndege. Mtu akipita akinisalimu, namjibu kwa mkato, anapita. Ndugu zangu, nawaambia, mtu mkali huachwa kwa heshima. Niliachwa hivyo msimu mzima.

Akaja mjukuu wangu wa kike, anayesomea mambo ya filamu. Akakaa nami dunguni na simu yake, anarekodi. Akasema anatengeneza kionjo, yale matangazo mafupi ya filamu inayokuja. Nikamuuliza filamu yenyewe iko wapi. Akasema haipo, kionjo ndiyo kazi yenyewe. Nikamwambia huko ni kunusisha watu pilau, na sufuria huna.

Akakionyesha hapa hapa mkutanoni, shuka imetundikwa ukutani. Uso wangu haumo. Mkono tu unavuta kamba, makopo yanalia, ndege wanaruka, nami nawatukana mmoja mmoja. Kisha giza. Picha hakuna, sauti yangu tu, ya chini:

"Wewe mmoja kaa. Kula. Kaa."

Mkacheka. Nani amewahi kumkaribisha kwelea kwenye mpunga? Halafu kicheko kikakatika, nami natazama sakafu. Sikujua kuwa yule mtoto alinisikia siku ile, akarekodi.

Jirani yangu wa mpakani akauliza filamu inakuja lini. Mjukuu akamjibu haiji, imeishia pale.

"Haiwezi kuishia pale," akasema yule mama.

Asubuhi nikawaona mnashuka bondeni na mihogo kichwani. Nikawafokea, mnanikanyagia mpunga. Mmoja wenu akapanda ngazi, akaketi, akasema, "Fokea tu, Bibi. Tunasikiliza."

Pale nililia kilio ambacho msibani hakikutoka.

Sasa tunaamia kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Mjukuu wangu Mungu amlipe, ingawa kazi yake hadi leo siielewi vizuri. Nanyi mliokuja, ahsanteni, sikuwahi kulisema.

Mtu akikujibu kwa mkato, kesho msalimu tena. Nami nikikufokea, usiondoke.