Bi Mwatima na Sabuni Iliyovishwa Sanda

Tarehe 30 Juni 2025 Bi Mwatima Ubwa Masoud anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, ishirini na sita kati yake akihakikisha kwamba hakuna sabuni inayotoka kiwandani kwetu ikiwa na jina la kutia aibu au picha ya kutia hofu. Wasifu huu niliomba niuandike mwenyewe, kabla haujapewa mtu mwingine. Katika utumishi wake lipo jambo ambalo wafanyakazi wengi wanalijua kinyume, na anayelijua sawasawa ni mimi.

Aliajiriwa mwaka 1993 kama mfungaji wa sabuni katika jengo letu la Malindi, mjini Unguja. Baada ya miaka sita akahamishiwa meza ya lebo, na hapo ndipo alipobakia. Kazi yake ilikuwa kuangalia kila jina, kila rangi na kila mchoro, kisha kujiuliza mama wa kijijini Matemwe ataonaje na mnunuzi wa ng'ambo ataonaje. Yalipoletwa mafuta ya nywele kutoka nje ili tuyasambaze, yenye picha ya bundi aliyevaa miwani, aliyakataa papo hapo. Wenyewe walieleza kwamba kwao bundi ni alama ya hekima. Bi Mwatima akawajibu kwa upole kwamba hapa bundi akitua juu ya paa watu humfukuza, hawamwombi ushauri. Katoni mbili za majaribio zilikuwa zimeshafika sokoni Darajani, na wenye maduka walizipanga picha ikiwa imeelekea ukutani.

Mambo yalikwenda upande wa pili pia. Sabuni yetu ya hina ilikuwa na picha ya kiganja kilichokunjuliwa, mpaka mteja wa Ugiriki akapiga simu amehamaki, maana kwao kumwonyesha mtu kiganja namna ile ni tusi. Bi Mwatima akaugeuza mkono ule upande wa pili, na hina ikaonekana vizuri zaidi. Halafu ikaja ile sabuni yetu ya “Waniangalia Nini”, waliyokuwa wakiigombania akina mama mjini. Wajerumani walipotafsiriwa jina waliuliza kwa nini sabuni inamgombeza mnunuzi. Jamani, tulicheka wiki nzima! Yeye alikaa kitako akawaandikia kwamba anayesema ni mnunuzi, na anayeambiwa ni jirani. Wakaichukua kwa jina lake la Kiswahili.

Sasa lile jambo. Mwaka 2016 mimi, Salhiya Jaku, nilikuwa msaidizi wake, nimetoka masomoni nje karibuni na najiona najua kila kitu. Bi Mwatima alikuwa kijijini Uroa, amefiwa na kaka yake. Mnunuzi wetu mkubwa akaleta mchoro wa sabuni mpya: kipande kirefu chembamba, ndani ya kitambaa cheupe cha pamba, kimefungwa utepe mahali patatu, na harufu yake kafuri. Kwenye kompyuta mimi niliona usafi na utulivu tu. Nikatia sahihi kwa niaba ya kitengo, hata simu sikumpigia.

Kwenye kituo chetu cha kufungia sabuni kijijini Bwejuu, wanawake arobaini waliziangalia sabuni za mwanzo zilivyolazwa mezani, zimefungwa kichwani, kiunoni na miguuni. Bi Duni, msimamizi wao, akavua aproni. “Mie maiti nshakosha wengi,” alisema, “lakini kuivisha sabuni sanda na kuitia kafuri, hapana, mtanisamehe.” Wakaondoka wote. Meli ilikuwa inang'oa nanga baada ya siku tisa, na mzigo ule ukikosekana, kituo cha Bwejuu kingefungwa.

Bi Mwatima alitoka matangani akaenda moja kwa moja Bwejuu. Kwanza aliwaomba radhi wale wanawake, mmoja mmoja. Kisha wakakaa pamoja wakakata kanga, wakaifunga kila sabuni kama furushi dogo lenye fundo moja juu, na harufu ya kafuri ikapisha ya maua ya mlangilangi. Meli iliondoka na mzigo wetu. Mnunuzi anaipenda sabuni ile mpaka leo.

Kikaoni mkurugenzi wa wakati ule akauliza nani aliyepitisha mchoro. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale, nikajifanya nasoma makaratasi yangu. Bi Mwatima akasema kitengo ni chake, na jawabu ni lake. Akapewa barua ya onyo, na ukuu wa idara aliokuwa ameshaahidiwa ukampita. Baada ya miaka miwili nikapewa mimi. Siku ile ya kikao nilimfuata ukumbini nalia. “Nyamaza, mwanangu,” aliniambia. “Siku nyingine ukiletewa kitu, kishike mkononi kwanza.” Hakunikumbusha tena, hata kwa utani. Na mimi nikanyamaza miaka tisa, naona haya kuyaandika haya.

Bi Mwatima, asante kwa kazi, kwa ulimi wako mtamu, na kwa kunistiri. Wiki iliyopita nilikwenda kwa mkurugenzi nikamweleza yote. Barua ile ya onyo imetolewa kwenye faili lako na kuandikwa upya kwenye langu. Kosa ni lile lile, tarehe ni ile ile, jina ndilo lililobadilika.

Sisi sote wa kiwandani tunakuombea afya, wajukuu wa kukuchekesha, na asubuhi ndefu zisizo na lebo hata moja. Na mimi, mbele ya wote wanaousoma wasifu huu, nakuomba radhi.