Mwalimu Leonardi, Aliyesahihisha Visu

Ndugu waombolezaji, Mwalimu Leonardi Bigirindavyi, tunayemzika leo Alhamisi tarehe 12 Machi 2026 hapa Giheta, wiki mbili tu zilizopita alikuwa amesimama kwenye baraza hii akimfokea mbuzi aliyemtafunia soksi. Wengi wenu mlipopigiwa simu Jumapili mlikata, mkidhani ni mzaha wa mtu asiye na adabu. Hatuwalaumu. Sisi tulioufunga mwili wake sanda kwa mikono yetu, nasi hatujaamini.

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Emmanuel, na ndiye anayewasomea. Humu ndani atajiita Emmanuel, kama anavyowataja wengine kwa majina yao. Ni desturi, tena ndiyo njia pekee aliyoiona ya kumfikisha mwisho wa karatasi.

Leonardi alizaliwa tarehe 3 Juni 1968 kule Mutaho, hapa hapa Burundi, mtoto wa kwanza wa Dominiko na Adventina, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Mwaka 1972 alivuka mpaka na wazazi wake, mara akitembea, mara akibebwa, wakafika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, Tanzania. Huko ndiko alikokulia, na huko ndiko Emmanuel alikozaliwa mwaka 1976. Baba yao alipofariki mwaka 1984, Leonardi alikuwa na miaka kumi na sita. Tangu siku hiyo Emmanuel hakuwa na kaka tu, alikuwa na baba wa pili, tena mkali kuliko wa kwanza.

Alisoma shule ya msingi makazini kuanzia 1976 hadi 1983, sekondari Tabora mjini hadi 1987, kisha akasomea ualimu na kuhitimu mwaka 1989. Tangu utoto hakuamini kitu kabla ya kukijaribu. Mama alipomtuma sokoni kununua jembe, alikuwa akiyagonga majembe yote kwa jiwe, moja baada ya jingine, huku ameinamisha sikio, hadi wauzaji walipoanza kuficha bidhaa wakimwona anakuja. Jembe alilolichagua mwaka 1981 lilirudi na familia Burundi.

Alifundisha Ulyankulu kuanzia Januari 1990 hadi familia iliporejea nchini Novemba 2009. Emmanuel alipata shamba Muyinga, Leonardi akatulia hapa Giheta. Mwanzoni alichekwa, mwalimu mzima asiyejua Kifaransa. Lakini shule zilikuwa zinatafuta watu wa kufundisha Kiswahili na Kiingereza, na waliomcheka wakawa wanamletea watoto wao jioni. Alifundisha Gishubi miaka minne, kisha hapa Giheta hadi Ijumaa tarehe 27 Februari mwaka huu. Siku hiyo alisahihisha madaftari arobaini na mawili, akamwambia mwalimu mwenzake kwamba Jumatatu atawarudishia wanafunzi. Yako mezani hadi sasa.

Tarehe 16 Septemba 1995 alifunga ndoa na Josefina kanisani Ulyankulu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Upendo na Moses. Josefina hupenda kusema kwamba yeye alichaguliwa kwa wiki mbili, lakini kisu kimoja cha ile mashine kilichaguliwa kwa miezi miwili, na hajui kama ashukuru au anune.

Mashine hiyo wengi mnaijua kwa sauti. Mwaka 2017 karakana moja ya wamisionari ilifungwa, na Leonardi akanunua mashine ndogo ya kukereza chuma, ile inayokaa juu ya meza: chuma kinazunguka, kisu kinakinyoa, kinatoka kimeviringika vizuri. Hakuinunua kwa biashara. Alitengeneza vipuri vya baiskeli za majirani, na aliyetaka kulipa aliambiwa alete ndizi. Furaha yake hasa ilikuwa visu vyenyewe. Alikuwa na fimbo moja ya chuma, mhimili wa lori lililokufa, na kila kisu kipya kilifanyiwa mtihani juu yake, kwa mwendo ule ule na kina kile kile. Kwanza alikigusisha kwenye jiwe la kunolea linalozunguka aangalie cheche. Kile chuma kizuri ambacho mafundi wetu hukiita rapide, kisichopoteza makali hata kikipata moto, hutoa cheche chache nyekundu. Tupa ya kawaida hutoa cheche nyeupe zinazopasuka, na tupa ikifanywa kisu cha kukerezea inaweza kuvunjika ghafla. Kisha alisikiliza kikinyoa, akahesabu kimenyoa mara ngapi kabla ya kuwa butu, akakipa alama kwa ishirini katika rejista ya shule. Vile vya rangi ya dhahabu, vinavyoagizwa kutoka mbali, alivipa kumi na moja, akaandika kwamba ni wanafunzi hodari waliopelekwa shule isiyo yao, kwa kuwa vinataka mashine kubwa yenye nguvu. Kisu kilichopata chini ya kumi hakikurudi kwenye mashine. Hilo hakulivunja hata mara moja, isipokuwa mara moja tutakayoisema.

Mwaka 2018, alipokwenda Muyinga kumtembelea Emmanuel, alikutana na jirani wa mdogo wake huyo, Kassimu, fundi wa milango na vitanda vya chuma. Kassimu ndiye aliyemfundisha kunoa kisu kwa pembe inayostahili. Tangu hapo walikuwa wakibishana kwa simu kila Jumamosi, Kassimu akiamini jicho, Leonardi akiamini rejista. Leonardi akienda Muyinga alilala kwa Emmanuel lakini alishinda kwa Kassimu, na Emmanuel, mtu mzima mwenye wajukuu wa kuzaliwa kesho kutwa, aliona wivu. Ni aibu kulisema msibani, lakini bila wivu huo leo tusingekuwa hapa.

Mwezi Februari Emmanuel aliona kisu cha kukerezea kwenye meza ya vitu vya mtumba sokoni Muyinga. Akamuuliza muuzaji kama ni rapide. Muuzaji akasema ndiyo. Kassimu alikuwa hatua mia moja kutoka pale, angekigusisha kwenye jiwe mara moja tu, lakini Emmanuel hakutaka kumuuliza. Alitaka safari hii kisu kizuri kitoke kwa ndugu. Akakifunga kwenye karatasi, akaikaza kwa uzi, na kwa kuwa Kassimu alikuwa na safari ya Gitega, jirani na hapa, akampa akifikishe. Jumamosi tarehe 14 Februari Kassimu alifika hapa, akakabidhi kifurushi mbele ya majirani, akala chakula na mwenyeji wake, akaondoka.

Jumapili tarehe 22 Emmanuel alikuja mwenyewe. Josefina alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Leonardi akamwingiza kwenye chumba cha mashine, na kile kisu kilikuwa kimefungwa tayari mahali pake. Emmanuel alifurahi, hilo asilifiche. Mashine ikawashwa, kisu kikanyoa kidogo, kikakatika kwa kishindo. Kipande chembamba kilimchoma Leonardi chini ya kidole gumba. Alikichomoa kwa meno, akafunga kitambaa, akacheka, akamwambia mdogo wake asimwambie shemeji yake kwa sababu atawafokea wote wawili. Baada ya siku nne pale palipochomwa hapakuonekana kitu.

Jumatatu tarehe 2 Machi aliamka taya limekaza. Jumanne alishindwa kumeza uji. Jumatano alipelekwa hospitali mjini Gitega, mwili ukijikunja kwa namna ambayo waliomwona hawataisahau. Daktari alisema ni dalili za pepopunda, akaanza dawa siku hiyo hiyo, kisha akawauliza ndugu kidonda kiko wapi. Josefina hakujua kidonda chochote. Emmanuel alifika Alhamisi, akaulizwa naye. Akasema hajui. Mgonjwa mwenyewe hakuweza tena kufungua kinywa. Jumapili tarehe 8 Machi, saa nne asubuhi, Mwalimu Leonardi alifariki, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Daktari amemwambia Emmanuel baadaye kwamba jibu lake lisingemponya kaka yake, dawa zilikuwa zimeshatolewa. Lakini lilikuwepo jambo jingine ambalo jibu hilo lingeliponya. Mtu mzima, mwenye afya, taya limefungwa, mwili umekunjika, na kidonda hakuna: watu wakasema amelishwa sumu. Na nani alikula naye? Kifurushi kilichokazwa kwa uzi kililetwa na nani? Lisemwalo lipo, wakasema. Jumatatu Kassimu alitoka Muyinga kuja msibani. Hakuna aliyekaa naye kwenye benchi. Josefina alimpokonya kikombe cha chai mkononi. Vijana wakampekua mfuko wake mbele ya hadhara, kisha akatolewa uani, na Jumanne akaitwa na wakubwa kuhojiwa kifurushi kilikuwa na nini. Alijibu alivyoweza.

"Mi sikufungua," alisema. "Karatasi iko na uzi, mi nikabeba tu. Mumuulize Leonardi. Haiwezekani sasa, basi muulizeni Mungu."

Hakumtaja Emmanuel. Alijua vizuri nani alimpa kifurushi kile, na Emmanuel alikuwa amesimama pale, hatua tatu kutoka kwake, ametazama viatu vyake. Mpaka leo Emmanuel hajui ni kwa nini hakutajwa. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini yeye alilichuma akawaachia wengine sahani.

Rasimu ya kwanza ya wasifu huu ilisema marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mjane aliikubali. Jana asubuhi akampa Emmanuel ile rejista ya visu, apate tarehe sahihi ya mashine kununuliwa. Emmanuel akafungua ukurasa wa mwisho. Kuna maandishi ya Jumanne tarehe 17 Februari, siku tano kabla ya ajali, kwa mkono ule mnaoufahamu kwenye madaftari ya watoto wenu. Yanasomeka hivi:

"Kisu cha Ema. Cheche nyeupe, zinapasuka. Ni tupa. Ncha imevunjika mara mbili, nimeinoa upya. Alama 3/20. Hakifai, ni cha hatari. Kitabaki kwenye mashine hadi Jumapili, akija akione kinafanya kazi."

Alijua. Mtu aliyegonga majembe ya soko zima kabla ya kununua moja alijua, akakiandikia kwamba ni cha hatari, akasimama mbele yake, akawasha mashine. Alifanya hivyo ili mdogo wake asione aibu. Emmanuel amelisoma hilo mara nyingi tangu jana na kila mara anashtuka upya, kama mtu anayepigiwa simu ile ile.

Alimfuata Josefina jikoni, akamweleza yote, kuanzia sokoni Muyinga. Maji yalichemka yakamwagikia moto, Josefina asiyaepue.

"Shemeji," alisema mwishowe, "mimi nimempokonya kikombe mtu asiye na kosa, nyumbani kwangu, na wewe ulikuwa unaniangalia. Andika. Na usome wewe mwenyewe, mbele ya wale wale waliomfukuza."

Jana jioni Emmanuel alimpigia Kassimu simu. Alieleza kwa muda mrefu, akaomba msamaha, akamwomba aje. Kisha Kassimu akajibu, "Mi nitakuja. Si juu yako. Juu ya Leonardi." Akakata.

Basi ijulikane kwa wote, na iwe imechapwa ili asiwepo wa kusema hakusikia: Mwalimu Leonardi hakulishwa sumu. Aliuawa na pepopunda, iliyoingia kwa kipande cha tupa, iliyonunuliwa na Emmanuel, kwa kiburi chake. Emmanuel aliulizwa na daktari akadanganya, akaona rafiki wa kaka yake akidhalilishwa akanyamaza. Vijana waliompekua Kassimu, mlidanganywa na kimya cha mtu mnayemheshimu.

Marehemu ameacha mjane, Josefina; watoto wawili, Upendo na Moses; mjukuu mmoja, Raissa; wanafunzi ambao hakuna awezaye kuwahesabu; mdogo mmoja, Emmanuel; na ndugu mwingine asiye wa tumbo moja, Kassimu wa Muyinga, ambaye, na hili limeongezwa kwa kalamu leo, amesimama pale barabarani, nje ya uzio, tangu saa tatu asubuhi, kwa sababu hajaambiwa na yeyote kwamba anaruhusiwa kuingia.

Familia ilikuwa imempangia Emmanuel kutia udongo wa kwanza. Hatautia. Josefina na watoto wamekubali atie mwingine.

Mungu ampokee Mwalimu Leonardi na ampe pumziko. Kaka Kassimu, ingia, tunakungoja wewe. Ninyi mlio langoni, mpisheni.