Mama Hapana Anaondoka, Upepo Umebaki

Tarehe 30 Juni ofisi yetu inamuaga afisa wa moto aliyeitumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake kamili limo kwenye faili. Sisi wengine, wakulima, na hata watoto wake akiwa hayupo, tunamwita Mama Hapana.

Kazi yake ni rahisi kueleza: anayetaka kuchoma mabua, magugu au takataka nje, aje kwanza aombe kibali. Alipoanza, watu walidhani ni mzaha. Uombe ruhusa ya kuwasha kiberiti shambani kwako mwenyewe! Fundi baiskeli alimuuliza kama kupiga chafya nako kuna fomu. Alimjibu kwamba kwa sasa bado.

Kifaa chake kikuu ni kipande cha kanga kuukuu alichokifunga kwenye mlingoti nyuma ya ofisi. Kikining'inia kimya, kibali kinatoka. Kikichezacheza, njoo kesho. Kikinyooka, usijisumbue hata kupiga hodi. Kitambaa kile kimeombwa ushauri mara nyingi kuliko bosi yeyote tuliyewahi kuwa naye, na hakijapandishwa cheo hata siku moja.

Bosi mmoja alijaribu kukipinga. Alialika wageni washuhudie uchomaji wa viti vibovu vya ofisi, akaandaa na hotuba. Asubuhi ile kitambaa kikanyooka. Mama Hapana hakubishana. Alikionyesha kwa kidole tu. Wageni walikunywa soda, wakalisifu rundo la viti, wakarudi kwao.

Hata ukipata kibali, masharti yalikuwa palepale: majirani wajulishwe, ukanda wa ardhi tupu ulimwe kuzunguka, maji yawe karibu, plastiki na matairi visiguswe, na mtu mzima asibanduke hapo mpaka mwisho. Na mwisho, kwake, haukuwa moshi kukatika. Unamwaga maji, unakoroga majivu, unamwaga tena, kisha unasogeza mgongo wa mkono polepole. Ukihisi joto, moto ungali hai. Nenda kateke maji mengine. Kufukia makaa kwa udongo alikuita kuyafunika blanketi.

Kuna mwaka mama mkwe wake alikuja kuomba achome mabua. Alikuja amevaa vizuri, akijua anakwenda kwa mtu wake. Akaambiwa alime ukanda kwanza, na hata akishaulima, leo hapana, upepo. Bibi aliulima ukanda kwa hasira, akatangazia ukoo mzima kwamba mwanawe ameoa wingu la mvua, na akaacha kuitikia salamu za mkamwana.

Wiki hiyohiyo jirani wa bibi, fundi cherehani, alichoma mabua yake bila kumwambia mtu. Akafukia makaa kwa udongo, akaenda kula. Upepo ukaja ukafunua blanketi. Moto ulikula choo, banda la kuku, na suruali za wateja zilizoanikwa kwenye kamba, mojawapo yangu, ukaelekea kwa bibi, ukafika kwenye ule ukanda, ukakosa cha kula. Fundi alitoka salama, kuku pia. Suruali sitaki kuizungumzia. Kesho yake bibi alituma mtu amwite mkamwana aje kuchambua mchele. Hakuna aliyetaja moto. Mchele, nasikia, ulikuwa tayari umeshachambuliwa.

Mwaka huu lililomkosesha raha Mama Hapana ni moja: nani atasema hapana baada yake? Ofisi ilimteua mwandishi wa maneno haya, mtu ambaye watoto wa mtaani kwake huazima baiskeli yake bila kuuliza. Mama Hapana aliposikia, alikwenda kuomba astaafu mwakani. Akakataliwa. Akarudi kunihoji: shemeji yako akija na kuku mkononi akitaka kuchoma siku ya upepo, utamfanyaje? Nikasema nitamkaribisha chai kwanza, tuzungumze. Alifumba macho kama mtu mwenye jino linalouma.

Jumanne iliyopita aliingia ofisini kwa mlango wa wateja, akaketi kwenye benchi lao. Alitaka kuchoma matawi nyuma ya nyumba yake, leo hii, apande mboga. Majirani wanajua, ukanda umelimwa, ndoo zimejaa. Aliniita mdogo wangu. Alinikumbusha ni mara ngapi amenifichia kuchelewa kwangu. Nikachungulia dirishani: kitambaa kimenyooka kama kimepigwa pasi.

Nilisema hapana. Akauliza, hata kamoto kadogo? Hapana. Chai sikumpa.

Alitoka akilalamika korido nzima kwamba ofisi hii haina utu. Mfagiaji anasema alicheka kutoka mlangoni mpaka getini. Tarishi aliyepita kwake jioni anasema nyuma ya nyumba hakuna tawi hata moja; mboga zilishaota zamani.

Dada yetu, kwa nyumba zote zilizosimama mpaka leo, tunakushukuru. Nenda ukapumzike kwa afya na amani, na mama mkwe aendelee kukuita jikoni. Siku ukiyapata hayo matawi, njoo uombe kama watu wengine. Tutaangalia kitambaa kwanza.